Umefuta nusu ya rekodi, mbona diski bado imejaa?

Hili swali linanifuata kila mahali. Mtu wa sacco ananiuliza, mtu wa zahanati ananiuliza, na juzi jamaa mwenye duka la jumla hapa Nakuru akanipigia usiku akiwa amekasirika kabisa: "Bro, nimefuta mauzo yote ya miaka ya nyuma, jedwali limebaki nusu, lakini diski haijashuka hata kidogo na ripoti inakokota vilevile, sasa hii databesi inanichezea ama?" Haimchezei. Inafanya kazi venye ilivyoundwa, ni vile tu hakuna aliyemwambia kwamba kufuta rekodi na kurudisha nafasi ni vitu viwili tofauti kabisa, na kwamba kurudisha nafasi na kupata spidi navyo ni vitu viwili tofauti tena.

Nitaongea sana kuhusu databesi inayoitwa PostgreSQL juu ndo naishi nayo kazini, za wengine nitazigusa huko chini.

Chukua matatu ya Mau Narok. Ikishusha watu Njoro haifupiki, viti vinabaki vitupu mpaka wengine wapande, na konda akipita kukusanya nauli bado anatembea kutoka mbele hadi nyuma hata kama wamebaki watu wanne. Jedwali nalo liko hivyo. Ukipiga DELETE, amri ya kufuta, PostgreSQL haiitoi ile rekodi kwenye faili, inaiwekea tu alama kwamba imekufa na kuiacha palepale, juu pengine kuna mtu alianzisha ripoti kabla hujafuta na bado ana haki ya kuiona. Halafu kuna UPDATE, amri ya kubadilisha, na hapa ndo wengi hushtuka: haibadilishi rekodi mahali ilipo. Inaandika nakala mpya nzima pembeni na ya zamani inabaki hapo ikiwa imekufa. Kwa hivyo unaweza kuwa hujaongeza hata rekodi moja mwezi mzima, lakini juu unaapdeti kila saa jedwali linanenepa tu.

Anayesafisha ni VACUUM, na siku hizi hujiendesha yenyewe kwa jina la autovacuum. Inapita kwenye kurasa, kila ukurasa ni kilobaiti 8, inatambua rekodi zilizokufa ambazo hakuna mtu anazihitaji tena, na kuandika kwamba nafasi hio iko wazi kwa rekodi mpya. Haiirudishi kwa mfumo wa kompyuta, isipokuwa kurasa tupu ziwe mwishoni kabisa mwa faili, hapo inaweza kukata mkia. Sasa yule jamaa wa duka alifuta mauzo ya zamani, ambayo kwa kawaida yako mwanzoni mwa faili, mkia umejaa mauzo ya wiki hii, kwa hivyo hakuna kitu cha kukata. Nafasi ipo, lakini iko ndani ya jedwali. Mauzo yake mapya yatajaza hizo nafasi kwa miezi kadhaa bila diski kupanda, na mimi nikamwambia hio tayari ni ushindi, akae nayo hivyo. Hakufurahi. Watu wanapenda kuona namba ikishuka.

Lakini kuna wakati unene ni ugonjwa kweli, na hapa nataka nikae kidogo.

Mimi natunza databesi ya chama cha ushirika cha maziwa, wakulima wanatoka sehemu za Molo, Njoro, mpaka Subukia. Maziwa huja asubuhi na jioni. Tuchukue mfano wa wakulima 3,000, kila mmoja analeta mara mbili kwa siku, hio ni rekodi 180,000 kwa mwezi wa siku 30, si nyingi. Ila fuata maisha ya rekodi moja: inaingia na kilo, mwisho wa mwezi inaapdetiwa ikiwekwa bei, halafu inaapdetiwa kuonyesha imetumwa kwa malipo, halafu inaapdetiwa tena pesa ikithibitishwa kufika kwa simu ya mkulima. Maandishi manne kwa rekodi moja, kwa hivyo mwezi mmoja umeandika nakala 720,000 na tatu katika kila nne ni maiti. Na bei huwekwa kwa UPDATE moja kubwa ya mwezi mzima, bam, rekodi 180,000 zinakufa kwa mpigo mmoja na nyingine 180,000 zinazaliwa mwisho wa faili.

Autovacuum haiji mbio pia. Kwa mipangilio inayokuja nayo, inaamka rekodi zilizokufa zikifika 50 kujumlisha asilimia 20 ya jedwali. Jedwali likiwa na rekodi milioni 10, inangoja maiti 2,000,050 ndo iamke. Yaani kadiri jedwali linavyokua ndivyo inavyozidi kuchelewa. Dawa yake ni rahisi, unaliwekea jedwali hilo peke yake autovacuum_vacuum_scale_factor ya 0.02, yaani asilimia 2, inaamka kwenye 200,050 badala ya milioni mbili, na inafanya kazi ndogondogo mara nyingi badala ya kazi moja ya kutisha. Sijui kwa nini watu wengi hawagusi hii kitu, ni mstari mmoja tu wa amri.

Na hata ikiamka, inaweza kushindwa. Kuna ofisi nyingi ambapo mhasibu anafungua programu ya ripoti asubuhi, programu inaanzisha tranzaksheni, yaani kazi moja inayofunguliwa na kufungwa kwa pamoja, ya aina inayoshikilia picha ya data ya asubuhi hio (REPEATABLE READ), yeye anaenda chai, anaenda lunch, anarudi saa tisa, na hio tranzaksheni bado iko wazi. Muda wote huo PostgreSQL haiwezi kuondoa chochote kilichokufa baada ya yeye kuanza, kwenye jedwali lolote la databesi hio, hata ambalo hajawahi kuligusa. Autovacuum inakuja, inasoma kila kitu, inaondoka mikono mitupu, inarudi tena. Hata VACUUM FULL ukipiga hapo itanakili maiti wote kwenye faili jipya kwa uaminifu kabisa. Kwa hivyo kabla ya kuanza kupanga upya chochote angalia pg_stat_activity uone nani yuko "idle in transaction", ameacha tranzaksheni wazi bila kufanya kitu, tangu asubuhi, na uweke idle_in_transaction_session_timeout, ni bora mtu alalamike programu imemkatia kuliko kuhamisha takataka.

Meneja wetu aliona tu diski ikipanda kila mwisho wa mwezi. Akaniita.

"Kijana, si tununue tu diski kubwa tumalize hii maneno?"

"Madam, itajaa tu tena. Na ripoti ya wakulima itazidi kuchelewa juu inasoma maiti."

"Basi safisha."

Sasa kusafisha ndo hapo mtu hukimbilia VACUUM FULL, na mimi nina maoni makali kuhusu hii amri. Inaandika jedwali lote upya kwenye faili jipya, rekodi zilizo hai tu, inajenga upya indeksi zote, zile orodha za kutafutia rekodi haraka, halafu inatupa faili la zamani. Nafasi inarudi kweli. Lakini kwa muda wote huo jedwali limefungwa kufuli la juu kabisa, si kuandika tu, hata SELECT, yaani kusoma, inangoja. Karani wa kupokea maziwa Subukia akiwa na foleni ya watu na mikebe yao huwezi kumwambia subiri databesi inajipanga. Pili, unahitaji nafasi ya ziada ya kutosha nakala mpya huku ya zamani bado ipo, na mtu anayefikiria kupiga VACUUM FULL kwa kawaida ndo diski yake imefika asilimia 95, kwa hivyo anajikuta anajaza kabisa. Tatu, jedwali lote linaandikwa pia kwenye WAL, daftari ambamo databesi huandika kila badiliko, na kama una replika mahali, yaani nakala hai ya databesi kwenye mashine nyingine, mzigo wote huo unasafiri kwa laini ya intaneti kama vile umeingiza data mpya, na bakapu zako za WAL nazo zinavimba.

Ukihitaji kubana jedwali bila kufunga watu nje, kuna pg_repack. Inajenga nakala pembeni huku trigger, kijiamri kinachojiendesha chenyewe data ikibadilika, inarekodi mabadiliko yanayoingia, mwishoni inabadilisha faili kwa kufuli fupi. Inataka jedwali liwe na praimari kii (kolamu inayotambulisha kila rekodi) au indeksi ya kipekee isiyoruhusu thamani tupu, na bado inataka nafasi ya nakala ya pili. Hakuna njia ya bure hapo.

Na mara nyingi jedwali lenyewe si ndo limenenepa sana, ni indeksi. Angalia ukubwa wa kila moja kwa pg_relation_size kabla hujaamua, utapata indeksi ya jedwali fulani ni kubwa kuliko jedwali. Tangu PostgreSQL 12 ya mwaka 2019 kuna REINDEX CONCURRENTLY, watu wanaendelea na kazi zao na wewe unajenga indeksi upya kimyakimya. Mara nyingi hio peke yake inatosha, na nashangaa bado kuna watu wanaandika upya jedwali zima kwa sababu ya indeksi moja.

Sasa kitu ambacho sisikii watu wakisema. Jedwali lililobanwa kabisa si lazima liwe na spidi. Ukimaliza VACUUM FULL, kurasa zimejaa pomoni, hakuna hata nafasi ya rekodi moja. Kesho mtu anaapdeti rekodi, nakala mpya haitoshi kwenye ukurasa uleule, inabidi iende ukurasa mwingine, na kila indeksi ya jedwali hilo inabidi iandikiwe kwamba rekodi imehamia huku. Kama kungekuwa na nafasi kwenye ukurasa uleule, na kolamu uliyobadilisha haiko kwenye indeksi yoyote, PostgreSQL ingetumia njia inaitwa HOT, iko tangu toleo la 8.3, ambapo indeksi haziguswi kabisa na maiti wa ukurasa huo wanaweza kuondolewa hata bila kungoja VACUUM. Kwa hivyo unabana jedwali Jumapili, Jumatatu linaapdetiwa polepole kuliko Ijumaa, na wiki ijayo limenenepa tena, halafu mtu anasema PostgreSQL ni mbaya.

Dawa ni fillfactor. Kwa majedwali huja ikiwa 100, yaani jaza kabisa. Ukiweka 80, kila ukurasa unaachiwa asilimia 20 tupu kwa ajili ya apdeti. Ndio, jedwali linakuwa kubwa zaidi siku ya kwanza, lakini linabaki hapo. Kumbuka tu kuibadilisha hakugusi kurasa za zamani, inaanza kwa mpya, mpaka uandike jedwali upya.

Ila fillfactor haikusaidii kama kolamu unayobadilisha iko kwenye indeksi. Na kwetu ilikuwa hivyo: kolamu ya hali ya malipo ilikuwa na indeksi yake, kolamu yenye maneno manne tu ndani, na kila apdeti ya malipo ilikuwa inaua HOT. Usidhani indeksi ya sehemu itakuokoa pia, ile yenye WHERE hali = 'inasubiri', kolamu iliyo kwenye hio WHERE inahesabika vilevile. Tulichofanya ni kuhamisha mambo ya malipo kwenye jedwali lake, jembamba, namba ya rekodi, hali na wakati, basi. Rekodi ya maziwa sasa inaandikwa ikiingia, inaapdetiwa mara moja ikiwekwa bei, inaachwa. Fujo yote ya apdeti iko kwenye jedwali dogo ambalo autovacuum inalipitia haraka. Upangaji huu ndo ulitupa spidi, na haukurudisha hata megabaiti moja siku ile tuliufanya.

Tukija kwa mpangilio wa rekodi ndani ya faili, hapa kuna hesabu nzuri. Rekodi ya baiti 100 hivi, ukurasa mmoja unabeba kama 80. Maziwa yanaingia kwa mpangilio wa wakati, wakulima wote 3,000 wa asubuhi kisha wote wa jioni, kwa hivyo ni nadra rekodi mbili za mkulima mmoja kuwa ukurasa mmoja, ziko mbali. Mkulima akitaka taarifa yake ya mwaka, rekodi kama 720 (miezi 12 ya siku 30), unasoma karibu kurasa 720. Ukipanga jedwali kwa CLUSTER kufuata namba ya mwanachama, zile 720 zinakaa pamoja kwenye kurasa 9 au 10. Ukichapisha taarifa za wakulima wote mmoja mmoja, ni kusoma kurasa milioni 2.16 dhidi ya kama 30,000.

Tamu sana. Sasa uliza swali la pili, leo tumepokea kilo ngapi? Kabla ya kupanga, rekodi 6,000 za siku moja zilikuwa zimekaa pamoja, kurasa 75. Baada ya kupanga kwa mwanachama, kila mkulima yuko na kurasa zake, kwa hivyo siku moja inagusa kurasa kama 3,000. Umefanya ripoti ya mwaka kuwa nyepesi na ya kila siku kuwa nzito, na ya kila siku ndo meneja anaifungua kila asubuhi. Faili lina mpangilio mmoja tu, lazima uchague nani anapendelewa. Halafu CLUSTER inapanga mara moja, rekodi mpya zinaendelea kuingia ovyo, na inafunga jedwali sawa na VACUUM FULL. Sisi tuliiacha. Taarifa za mwaka zinachapishwa usiku, zichukue muda wake.

Mpangilio wa kolamu nao una kitu kidogo. Chukua boolean (ndio au hapana, baiti 1) na bigint (namba kubwa, baiti 8). Ukiandika boolean, bigint, boolean, bigint, PostgreSQL inaweka baiti 7 tupu baada ya kila boolean ili bigint ikae mahali pake, jumla 32. Ukianza na bigint zote mbili halafu boolean, ni 24. Baiti 8 kwa rekodi, kwa rekodi milioni 10 ni megabaiti 80. Fanya ukiunda jedwali jipya, usiamshe watu usiku kwa sababu ya hii.

Kwa MySQL mambo ni tofauti kidogo. InnoDB, injini yake ya kuhifadhi data, inapanga rekodi zenyewe kwa praimari kii muda wote, ukichagua praimari kii ya mwanachama kisha wakati wa kuleta umepata ule mpangilio bila CLUSTER. Lakini ukiweka UUID ya ovyoovyo, kile kitambulisho kirefu cha herufi na namba, kama praimari kii, kila rekodi mpya inajichomeka katikati, kurasa zinapasuliwa na kubaki nusu tupu, na kwa sababu kila indeksi nyingine inabeba praimari kii ndani yake, ukiihifadhi kama herufi 36 umenenepesha indeksi zote. OPTIMIZE TABLE inaandika jedwali upya na kurudisha nafasi kama kila jedwali lina faili lake. Oracle ina ile alama ya juu ya maji, mahali pa juu kabisa data iliwahi kufika, na full scan, yaani kusoma jedwali lote, inasoma hadi hapo hata kama umefuta kila kitu chini yake, na ukipiga ALTER TABLE MOVE ya kawaida indeksi zote zinaharibika mpaka uzijenge upya, nimeona watu wakisahau hio sehemu na asubuhi sacco nzima imesimama.

Kitu kingine cha baada ya VACUUM FULL: piga VACUUM ANALYZE ya kawaida mara moja. Ile FULL haiachi ramani ya kurasa ambazo rekodi zake zote zinaonekana kwa kila mtu, na bila hio ramani kweri, yaani maswali unayouliza databesi, ambazo zingejibiwa na indeksi peke yake zinarudi kusoma jedwali. Mtu anabana jedwali, kweri inakuwa nzito zaidi, anachanganyikiwa bure.

Na yule wa duka la jumla? Nilimwambia aache DELETE kabisa mwaka ujao, agawe mauzo kwa partisheni za mwezi, yaani vijedwali vidogo ndani ya jedwali moja, iko ndani ya PostgreSQL tangu toleo la 10. Mwezi ukizeeka unaudondosha wote kwa DROP, faili linafutwa, nafasi inarudi hapohapo, hakuna maiti wa kusafisha. Sisi maziwa tumeyagawa hivyo pia. Partisheni ya mwezi huu ina fillfactor 80 na autovacuum inayoamka mapema, ikishawekewa bei yote na hakuna tena mtu wa kuiapdeti naiwekea 100, napiga VACUUM FULL kwa ile partisheni peke yake baada ya maziwa ya jioni kuingia, bakapu ikiwa tayari, halafu VACUUM ANALYZE. Kwa jedwali kama hilo sina shida nayo hata kidogo.